Afisa Anakuja Kukagua Nyumba

Jumatatu, 4 Machi
Barua ya mahakama imenikuta kazini, wembe mkononi. Nimemwacha mteja na nusu kichwa. Afisa ustawi wa jamii anakuja Jumatano kuona kama kwangu panafaa kumlea binti yangu, Kidosho. Chumba kimoja na sebule! Mimi na mama yake tuliachana mwaka jana. Yeye anadai mtoto na cherehani. Mimi pia. Mtoto kwa mapenzi, cherehani kwa hasira tu. Nimekata shauri: nitaazima vitu.

Jumanne, 5 Machi
Mungu amzidishie dada yangu! Kanipa kitanda kidogo, sufuria zinazong'aa, kabati la vitabu. Kanionya kuwa njia ya mwongo ni fupi. Nimempinga: afisa hakai, anapita tu. Vitabu vyote ni vya ukunga, maana dada ni mkunga. Nani atasoma?

Jumatano, 6 Machi
Afisa amesoma. Mama mtu mzima, miwani puani. Kauliza kwa upole kama natarajia kumzalisha mtu humu. Kabla sijajibu, Kidosho, miaka saba, niliyetoka kumchukua shuleni, kamshika mkono na kumtembeza: kitanda cha shangazi, sufuria za shangazi, kabati la shangazi. Ardhi ipasuke! Afisa kauliza, cha baba ni kipi?
“Uji,” kasema. “Na kunisuka.”
Kweli. Nywele zake nasuka mwenyewe, kila Jumapili. Afisa kaandika kitu. Kirefu.

Ijumaa, 8 Machi
Mahakamani. Cherehani kwanza. Nimedai naitumia kila siku. Hakimu kauliza uzi wa chini unawekwa wapi. Nimesema chini. Karani kacheka mpaka kalamu ikamdondoka. Cherehani imekwenda kwa mama Kidosho, fundi wa kweli.
Halafu mtoto. Ripoti ya afisa imesomwa, na vitu vyote vya shangazi ndani yake. Nimekwisha! Mama Kidosho kasimama. Nimefumba macho.
“Mheshimiwa, huyu ni mwongo wa vitu vidogo. Lakini kumchukua mwanangu shuleni hajachelewa hata siku moja. Mvua, jua, yupo getini.”
Hakimu kaamua: siku za shule kwa mama, Ijumaa jioni hadi Jumapili saa kumi na moja, na nusu ya likizo, kwa baba. Nje nimemshukuru mama Kidosho. Sauti imetoka kama ya jogoo mgonjwa. Kasema nisimshukuru, nikue.

Jumapili, 10 Machi
Siku mbili za neema! Tumepika, tumeimba, tumelala mchana kama wafalme. Nimewashukuru wote kwa majina katika sala: hakimu, afisa, dada, mama yake mara mbili. Nimeapa: ujanja basi, nimekua.
Sasa ni saa kumi na nusu. Saa ya ukutani inasema tisa na nusu. Nimeirudisha nyuma, kidogo tu. Kidosho kauliza mbona redio imetangaza saa kumi zamani. Nimemwambia redio za siku hizi zina haraka.