Shemeji Mnemba

Jumatatu, 3 Juni
Leo nimepata dawa ya shemeji! Kaka wa mke wangu alikuja kukaa wiki moja. Miezi imekatika, bado yuko kwenye kochi letu, na kila jioni ananibwaga kwenye drafti ya kompyuta. Tumewekeana dau la Jumamosi. Nikishinda, anafungasha. Akishinda, anahamia chumba changu cha kazi. Mke wangu amesema tumekosa kazi ya kufanya.

Jumanne, 4 Juni
Nimeipa akili mnemba michezo yetu yote iliyohifadhiwa. Nimeiagiza imwige mwenye kete nyeupe, maana kwa desturi mgeni hushika nyeupe; mimi rangi huwa sizijali. Imekubali bila maswali. Sasa nina shemeji wa ndani ya mashine!

Jumatano, 5 Juni
Jamani, huyu mtu ni mbumbumbu. Ana tamaa. Akiona kete ya bure anairukia, anaacha nyuma wazi, analiwa tatu. Mchezo unaofuata, kosa lile lile. Nimemchapa mpaka nikamwonea huruma. Alikuwa akinishinda kwa bahati tu.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeshusha begi la shemeji kutoka juu ya kabati, nikalifuta vumbi. Kanishukuru, eti litamfaa kuhamishia nguo chumbani kwangu. Nikaenda kuchekea jikoni.

Jumamosi, 8 Juni
Nimeangamia. Nilimtegea kete ya bure. Hakuila. Nikamtegea nyingine, akauliza kama naumwa. Kisha akaniachia moja yeye, nikairukia, akala zangu tatu na kuingia kingi. Mke wangu, bila kuinua macho kwenye pasi, akasema humu ndani anayeshindwa ndiye hushika nyeupe, na tangu kaka yake aje sijazigusa nyeusi. Kumbe wiki nzima nilikuwa najichapa mwenyewe. Chumba kimekwenda. Mke naye amenuna kwamba nilitaka kumfukuza ndugu yake, kafunga mlango. Niko kochini.

Jumapili, 9 Juni
Kochi lina chuma penye mbavu. Lakini kosa lilikuwa la rangi tu, akili mnemba yenyewe haina tatizo. Nimeilisha jumbe zote za simu kati yangu na mke wangu. Safari hii nimekuwa makini: imwige yule anayeandika marefu, huyo wa kujibu “Sawa” tu iachane naye. Sikuamini! Mke mnemba anabembeleza, anaomba radhi kila sentensi, anaapa hatarudia. Maskini, kumbe anateseka hivyo kimoyomoyo. Nimechana nywele. Nakwenda kumgongea, nimwambie nimemsamehe.