Ufunguzi wa Kituo cha Kuonea Maji Yanayoingia Garini, Malindi

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwenyekiti wa Bodi ya Kampuni yetu ya Magari, ambaye leo amewakilishwa na dereva wake. Waheshimiwa Meneja wa Mauzo, Meneja wa Huduma Baada ya Mauzo, na Meneja wa Mahusiano baina ya hao wawili. Mzee Rashad, mwenye kiwanja hiki. Mtaalamu wetu, Injinia Mramba. Viongozi wa dini. Mabibi na mabwana. Na mteja wetu mpendwa, Bi. Mwanamina Farjallah, mpambaji wa maharusi, ambaye gari lake jeupe tumeliegesha hapa mbele kwa shughuli ya kitaifa: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa itazingatiwa kwa awamu. (Makofi. Mbuzi analia nyuma ya jukwaa.)

Mimi, Owen Kambi, Meneja Mwandamizi wa Waranti na Furaha ya Mteja, Kanda ya Pwani ya Kaskazini, nasimama leo, Ijumaa tarehe 16 Mei 2025, nikiwa mnyenyekevu kuliko meneja mwingine yeyote aliyewahi kushika wadhifa huu, ambao niliuanzisha mwenyewe, kuzindua kituo hiki cha kisasa mnachokiona nyuma yangu. (Umati unageuka kutazama turubai kubwa lililochorwa jengo la ghorofa mbili. Upepo unaliinua. Wanaonekana mbuzi watatu. Upepo unalishusha.) Hao ni wadau.

Kabla sijaendelea, tuamshane. Nikisema "Maji!", semeni "Nje!" Nikisema "Mteja!", semeni "Ndani!" Maji! ("Nje!") Mteja! ("Ndani!") Safi kabisa.

Ndugu zangu, safari hii ilianza tarehe 3 Novemba 2023, Bi. Mwanamina alipofika katika ofisi yetu ya mauzo akidai kwamba mvua ikinyesha, maji huingia kupitia paa la gari lake, hushuka kwenye nguzo ya mlango wa abiria na kujaa chini ya kapeti. Injinia Mramba alilikagua gari kwa saa mbili chini ya jua kali na kuandika katika ripoti yake, kwa ujasiri wa kitaaluma, kwamba hapakuwa na mvua. (Kicheko. Injinia Mramba anainamisha kichwa.) Tarehe 22 Aprili 2024 Bi. Mwanamina akalirudisha likiwa na maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Tukamweleza kwa heshima zote kwamba maji yaliyokwisha kuingia hayathibitishi kuingia, yanathibitisha kuwamo. Ibara ya kumi na tisa ya waranti inasema wazi: sharti maji yaonekane yakiingia, yaonwe na afisa wa kampuni kwa macho yake mwenyewe, ndani ya kituo kilichoidhinishwa, kabla waranti haijaisha. Hapo ndipo kampuni hutengeneza bure, na hutengeneza kwa furaha.

("Na inaisha leo saa kumi na moja!" anaita Bi. Mwanamina kutoka safu ya mbele. "Sasa ni saa kumi na robo, bwana meneja. Fupisha!")

Asante, dada yangu, kwa kuwa mfuatiliaji wa ratiba. Mama huyu ana daftari ambamo ameandika kila mvua, tarehe na saa, tangu mwaka juzi, na kampuni imelitumia daftari hilo kupata takwimu zifuatazo: asilimia sabini na tatu ya mvua za Malindi hunyesha nje ya saa za kazi, asilimia ishirini na saba hunyesha wakati wa chakula cha mchana, na asilimia mia moja ya wateja wa Malindi waliolalamikia maji wamesikilizwa, naye ni huyu hapa, ameketi, anasikilizwa. (Makofi hafifu.)

Wapo wanaouliza kwa nini hakulipeleka gari Nairobi, kwenye kituo kilichoidhinishwa. Alilipeleka. Lilifika Mtito Andei, nusu ya njia, limekauka. Wengine wanauliza kuhusu mchicha. Ni kweli, Januari mwaka huu mchicha uliota chini ya siti ya abiria, nasi tukalazimika kumwandikia kwamba gari limebadilishwa matumizi kuwa shamba, jambo lisilofidiwa na waranti.

("Na mchicha ule mliuchuma mkaula!" anasema Bi. Mwanamina.)

Ulichukuliwa kama sampuli.

(Bi. Mwanamina anasimama. "Waambie basi na habari ya bibi harusi wa Sabaki! Nimempamba tangu asubuhi, hina na piko mpaka magotini, nikampandisha garini, mvua ikaja. Amefika kwao mguu mmoja umechorwa, mwingine kama amekanyaga tope. Mama yake akaniuliza, 'We Mwanamina, ulikuwa unapamba au unapiga deki?' Tangu siku hiyo harusi nne zimenikimbia. Gari hilo ndilo kazi yangu!" Wanawake wanapiga vigelegele vya kumuunga mkono.)

Nimeguswa. Nimeguswa mpaka kwenye ngazi ya sera. Ndiyo maana kampuni ikabuni Mradi wa Uonaji Maji Shirikishi, wenye nguzo tano za kimkakati, ambazo nitazieleza moja baada ya nyingine. ("Hapana!" umati.) Basi nitazieleza kwa pamoja. Kituo hiki kina mashine ya kidijitali ya kunyeshesha mvua, chumba cha kungojea chenye kahawa, na mfereji ambao hautakauka. Wenye hila wanasema hawauoni mfereji huo. Nawajibu kwamba hata mapafu hamyaoni, lakini mnapumua. (Makofi marefu kutoka kwa dereva wa Mwakilishi.)

Kwa mamlaka niliyopewa, na mengine niliyojichukulia kwa dharura, sasa, saa kumi na dakika arubaini, nakata utepe huu uliofungwa kutoka kwenye kibao cha kituo hadi kwenye mpini wa mlango wa gari la Bi. Mwanamina, na natangaza kwamba kituo hiki kimefunguliwa rasmi na kimeidhinishwa! (Makasi hayakati. Anajaribu mara tatu. Ngurumo. Mvua kubwa inashuka ghafla.)

Msikimbie! Ingieni kituoni kwa utaratibu, wazee kwanza! (Umati unakimbilia jengo, unagonga turubai, turubai linaanguka juu ya mbuzi. Meneja anaingia garini na maikrofoni yake isiyo na waya, anafunga mlango. Bi. Mwanamina anaketi kwenye usukani. Sauti ya meneja inaendelea katika vipaza sauti.)

Haloo? Mnanisikia? Naendelea kutokea ndani ya gari hili imara la kampuni yetu, ambalo, kama nilivyosema... Bi. Mwanamina, kitu gani hiki kichwani mwangu?

("Maji, baba.")

Yanatoka wapi?

("Tazama mwenyewe. Kwa macho yako mwenyewe.")

Naona yanaingia juu, yanashuka kwenye nguzo, yanapita kwenye kola yangu, yanaingia... Yallah! Hotuba imelowa. Viatu vyangu!

("Mmesikia nyote? Afisa ameona! Kituo kimefunguliwa, na saa bado ni kumi na dakika hamsini. Injinia, andika!" Injinia Mramba, amejifunika kiti cha plastiki, anaandika.)

Injinia, weka kalamu chini! Waheshimiwa, kwa kuwa jambo hili sasa linaligusa fungu la matengenezo, ukweli wa kisheria unanibana niingie moja kwa moja kwenye shukrani. Namshukuru Mzee Rashad kwa kutuazima kiwanja chake cha mbuzi kwa alasiri moja ili tupige picha za ripoti ya mwaka. Namshukuru mchoraji wa turubai kwa madirisha yale mazuri. Nawashukuru nyote kwa kuja kwenye kituo ambacho hakipo, hakijawahi kuwapo, na wala hakimo kwenye mpango wowote, hivyo basi maji niliyoyaona sikuyaona kituoni. Maji!

("Ndani!" umati.)

Nimesema Maji!

("Ndani! Ndani!")

Bi. Mwanamina, mbona unawasha gari? Mama, polepole! Utepe haukukatika! Waheshimiwa, tunaburuta kibao! Anasema tunakwenda Mombasa, makao makuu, kwa Mkurugenzi, na mvua inatufuata. Namwomba anishushe hapa kwenye lami. Anasema hapana, mimi ndiye ushahidi, na safari hii hautakauka njiani. Asanteni kwa kunisikiliza, na aliye karibu na yule dereva wa Mwakilishi amwambie tafadhali aje anichuku... (Sauti inakatika. Barabarani, nyuma ya gari jeupe, kituo kinakwenda kikirukaruka.)