Matanga ya Pamba, Panya wa Justus

Jumatatu, 2 Julai 1956

Jana Anselm wa jirani yangu Pelagia kaja tena kula kwa mama yake. Kila Jumapili! Mpagazi wa stesheni tu, lakini akicheka mpaka ukuta wangu unatetemeka. Mwanangu Justus ni karani wa kupima pamba Igunga. Anaandika kwa wino. Anavaa soksi. Tangu Pasaka hajaonekana, maana karani hana nafasi. Nilimweleza Pelagia hivyo. Akasema soksi hazimsalimii mtu. Mwanamke yule!

Nimebaki na Pamba, panya mweupe ambaye Justus alipewa na padri alipokuwa shule. Anakaa katika bati la biskuti nililolitoboa matundu. Namtandikia majani makavu, nampa ulezi na karanga, na maji kwenye kifuniko cha chupa. Jioni namsimulia habari za sokoni. Msikivu kuliko Pelagia.

Leo akili imenijia. Justus anampenda sana Pamba. Basi nimemtuma Saidi, dereva wa lori la Fakhrudin, akamwambie Pamba yu mahututi, aje upesi. Kichwa ninacho!

Alhamisi, 5 Julai

Nilisahau kwamba Saidi ni Mzaramo na mimi Mnyamwezi. Watani, tangu babu zetu walipobeba pembe za ndovu kwenda pwani! Ujumbe hauwezi kupita kwa mtani ukafika mzima. Kamwambia Justus kwamba Pamba amekufa! Justus kasema pole mama, azikwe nyuma ya jiko. Basi. Hakusema anakuja.

Wala hayakuishia hapo. Leo alasiri Saidi kaja na Wazaramo wenzake, wamejipaka majivu, wanaangua kilio. Wanasema hawaondoki mpaka mfiwa awape chakula cha matanga. Wakamkamata jogoo wangu. Mtani humkasirikii, nikasonga ugali. Pelagia akaja kutazama, akakaa, akala mapaja yote mawili. Katikati ya kilio Pamba akachungulia kutoka ndani ya khanga yangu. Saidi akapiga yowe kwamba marehemu kaja kudai paja lake. Tulicheka! Nyumba ilijaa kama ya harusi.

Walipoondoka nikampa Pamba makombo. Nyumba ikawa kubwa mno.

Jumapili, 8 Julai

Justus kaja! Mlangoni kwangu, na soksi zake! Pelagia alikuwa uani, akaona. Asante Mama Bikira Maria.

Lakini Pamba yu hai. Justus akimwona, mimi mwongo. Nikalifunika bati kwa khanga, nikalikalia. Justus akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba nimeketi kama mtemi. Kasema alikuwa akinifikiria nilivyobaki peke yangu, basi kaniletea paka mchanga anifariji. Paka! Akaenda moja kwa moja kwenye bati. Nikamsukuma kwa mguu, akarudi. Nikamsukuma, akarudi.

Sikupika. Ningeinukaje? Justus akauliza kama miguu inaniuma. Nikasema uzee. Pelagia akamwita akale kwake! Nikawasikia yeye na Anselm wakicheka, ukuta ukatetemeka. Safari hii kicheko kimoja kilikuwa cha mwanangu.

Lori lilipopiga honi akaja kuniaga. Hata barabarani sikumsindikiza. Nilisikiliza viatu tu. Kasema Krismasi, Mungu akipenda.

Jumatatu, 9 Julai

Pamba mzima, ila bati limebonyea. Paka nimemfunga kwenye mguu wa kitanda. Anamtazama Pamba, Pamba anamtazama yeye, mimi nawatazama wote. Pelagia kasema mwanangu ana adabu na anajua kula. Kwani ni habari mpya? Nimemlea mimi.

Nimefikiri sana. Mpango ulikuwa mzuri, walioharibu ni wengine. Asubuhi nimemkuta Saidi akifunga magunia kwenye lori. Nimemwambia akamweleze Justus kwamba paka anaumwa sana, aje upesi. Nikamwapisha: aseme mgonjwa tu, asimuue. Kaapa kwa mkono juu, halafu akaniuliza kama nina jogoo mwingine.