Maneno Kumi na Tisa ya Mizani Yetu

Jumatatu, 4 Machi

Siku kubwa! Mama Mizani, mwenye karakana yetu ya kutengeneza na kuuza mizani, ametuita asubuhi sote wawili, mimi na Kimya. Anataka kibao kipya cha mlangoni. Kiseme kwamba zile mizani zetu ndogo, za masonara na wauza dawa, zinashtuka hata ukidondosha punje moja ya mchele. Neno moja tu, kasema, lakini limkamate mpita njia. Atakayelileta kufikia Ijumaa anahamia kiti cha mbele dukani.

Kiti cha mbele! Kina mto, kina feni, kina dirisha. Miaka sita nimekaa chumba cha nyuma nasugua kutu na kupiga chafya. Kimya, kama kawaida yake, hakusema kitu. Nimemwonea huruma. Mtu ambaye hata salamu anaitikia kwa nyusi, neno ataliokota wapi?

Jumanne, 5 Machi

Matano kabla ya chai. Sikivu, makini, tambuzi, changamfu, elekevu. Nimeyaandika kwenye boksi la skrubu. Kuna mteja alikuwa akigonga dirisha la nyuma, anadai mizani yake. Nilimpungia mkono angoje. Mtu akiwa na kazi ya akili hakatizwi. Nilipoinua kichwa, Kimya alikuwa amekwisha kumkabidhi. Kujipendekeza tu!

Jioni nikaenda kwa jirani, mwalimu mstaafu. Nikampa shikamoo ndefu. Kumbe mzee ana masharti: kila neno, tuta moja la magugu. Nimeng'oa matuta manne, nimepata maneno manne. La tano lilikuwa likija, nikamwomba afanye upesi kidogo, giza lisitukute. Akanijibu haraka haraka haina baraka, akaingia ndani kula. Mgongo sina tena.

Jumatano, 6 Machi

Upelelezi. Nilijifanya natafuta bisibisi, nikatambaa chini ya meza ya Kimya, nikachungulia karatasi yake. Tupu! Mstari mmoja wa penseli, basi. Nilicheka mpaka nikagonga kichwa mezani. Kimya akainama, akanipa bisibisi. Ilikuwa mfukoni mwangu, inaning'inia.

Nyumbani nimemsimulia mke wangu. Akasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nikamuuliza yuko upande wa nani. Akasema yuko upande wa kile kiti, maana amechoka kufua mashati ya kutu. Kisha, Mungu ambariki, akanipa maneno matatu bure. Mengine nimeyatunga mwenyewe kitandani. Sasa ninayo kumi na tisa. Kimya hana hata moja. Nimelala nikitabasamu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeamua nisichague. Mama Mizani ameomba neno moja, mimi nampa kumi na tisa. Huo ndio ukarimu.

Nilisimama katikati ya duka, nikakohoa, nikaanza. Kwenye la sita akaingia mtu, akasimama ubavuni kwangu. Nikamwinulia kidole. Kwenye la tisa akakohoa. Nikapandisha sauti. Kuanzia la kumi na nne nikafumba macho, maneno yapate uzito wake. Nilimaliza kwa mikono juu. Nikafumbua macho.

Mama Mizani alikuwa ananitazama kwa upole fulani ambao sikuupenda.

“Mwanangu,” akasema, “umenisomea maneno kumi na tisa ya kushtuka upesi. Sonara ameingia, amehudumiwa na mwenzako, amenunua mizani mbili, ameondoka. Hukumwona.”

Nikamuuliza sonara yupi.

Kibao cha Kimya hakina neno hata moja. Amechora mizani, punje moja ya mchele juu yake, na mshale wake wa kipimo umeruka. Yule sonara alikiona kikiwa kimeegemezwa mlangoni, ndiyo maana akaingia. Kiti kimekwenda kwa Kimya.

Niseme ukweli, nililia. Kidogo, nyuma ya mizani ya magunia. Kimya akanifuata huko, akasimama, akasema sentensi yake ya kwanza mwaka huu: “Lakini sauti unayo, kaka.” Halafu akaenda kuteta na Mama Mizani. Bila shaka wananisengenya.

Jumatatu, 11 Machi

Nimepanda cheo! Nimetoka chumba cha nyuma! Kwa ushauri wa Kimya, Mama Mizani amenisimamisha nje mlangoni, niwatangazie wapita njia. Jua, upepo, watu! Hakuna kutu. Nayatoa yote kumi na tisa, na macho nayafumba vilevile. Wanafunzi wamenipigia makofi. Mke wangu alipita makusudi kunisikia, akacheka mpaka akashika ukuta. Nimefurahi, jamani, nimefurahi mno.

Saa nne hivi bwana mmoja alinisimamia puani, amekumbatia mizani mbovu, akaniuliza duka la mizani liko wapi. Nilikuwa kwenye la kumi na moja. Nikamwinulia kidole. Nilipomaliza la kumi na tisa nikafumbua macho nimkaribishe, hayupo. Alikuwa anavuka barabara, anamuuliza muuza magazeti.

Watu wengine wazito kuelewa! Kesho nafikisha thelathini.