Wagonjwa Wangu Wazima

Jumatatu, 3 Machi 1975. Mchafukoge.
Habari kubwa! Wizara inasambaza kliniki za akili hadi mitaani. Mgonjwa atahudumiwa kutwa nzima, jioni arudi kulala kwao. Ijumaa Sista Benedikta anakuja kuona kama kwetu wapo wagonjwa. Wasipopatikana, kliniki inakwenda kwa Seifu, balozi mwenzangu wa mtaa wa pili, na mpwa wangu Bakili, anayesikia sauti, atapandishwa tena treni ya kwenda hospitali ya akili Dodoma. Safari iliyopita hatukuweza kwenda kumtazama.

Jumanne, 4 Machi.
Nimeita nyumba zangu kumi. Nani ana mgonjwa? Wote wamekana. Paskalina, ambaye mama yake hurusha sufuria dirishani, kasema ni malaria. Hasmukh wa duka la vitambaa kasema nduguye Vasant anapumzika tu. Miaka sita! Wanaogopa mabinti zao hawataposwa. Kwetu Newala mtu wa namna hiyo alikaa barazani, akasalimiwa kama wengine. Nimezeekea mjini, bado sijazoea.

Jumatano, 5 Machi.
Nimepata! Nitatumia wazima. Nimewaahidi sukari ya duka la ushirika. Wamejaa uani, wakagombana nani awe kichaa zaidi. Pius mchinja kuku kabweka vizuri sana. Bakili kaninong'oneza: Mjomba, sauti hazibweki. Nimemwambia akalale.

Ijumaa, 7 Machi.
Balaa! Sista kawatazama kwa huruma, kasema hawa wamezidiwa mno, si wa kutibiwa mtaani. Gari liko nje, waende Dodoma leo hii. Wamepona papo hapo! Pius kaapa kwa marehemu baba yake kwamba alibwekea sukari ya Balozi tu. Seifu, aliyekuja kuchungulia, kacheka mpaka kofia ikamdondoka.
Sista akafunga mkoba. Ndipo Bakili akatoka chumbani, kafunga vifungo vyote vya shati. Shikamoo, Sista. Mgonjwa ni mimi. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya watu wote.
Hakuna aliyecheka. Kisha Paskalina akaenda kumleta mama yake, kamshika mkono. Hasmukh akapanda ghorofani kumwita Vasant.

Jumamosi, 8 Machi.
Kliniki ni yetu! Bakili anaanza Jumatatu, na jioni atakula nasi. Mtaa mzima unampongeza yeye. Wamesahau nani aliandaa! Bila wabwekaji wangu, Sista asingekaa hata kidogo.
Nasikia wizara inatafuta pia mahali pa kumweka daktari wa macho. Leo asubuhi nimemfundisha Pius. Kagonga nguzo ya taa mara mbili, safi kabisa.