Ng'ombe Waliohama na Tetemeko

"Redio imetangaza," alisema Faki Redio huku akiwamiminia wateja kahawa. Kijiji kizima cha Lagangabilili, yeye tu ndiye mwenye transista. "Tetemeko la jana limeletwa na miamba ya huko chini. Imesukumana miaka na miaka, jana ikateleza."

"Nani aliisukuma?" Athanasi Pingamizi akadakia. Huyu hata ukimwambia kumekucha, atabisha.

"Inasukumana yenyewe."

"Yenyewe! Siku hizi kuna kitu kinachohama chenyewe? Hiyo ni operesheni, nakwambia! Miamba imeambiwa ijipange mstari, ikagoma!"

Benchi zima likaangua kicheko, isipokuwa Mihayo Zizi. Angecheka nini, masikini? Mwaka jana, kwenye operesheni ya kuwahamishia watu vijijini, walimhamisha kutoka kwake ng'ambo ya mto, wakampa kiwanja kando ya barabara. Jana ukuta wa nyumba yake mpya umepasuka ufa wa kupitisha mkono, na ng'ombe wake kumi na wanne wamevunja zizi, wakatimua mbio moja kwa moja hadi kwenye mahame yake huko ng'ambo. Roho yake nayo ilikuwa huko huko. Kilichokosekana ni kibali tu.

Mara akatokea balozi wa nyumba kumi, Januarius Kamba, na ile kamba yake ya kupimia nyumba zikae mstari mmoja.

"Mwangaluka, ndugu zangu. Mihayo! Ng'ombe wako wamehama kijiji bila ruhusa."

"Ni tetemeko, Ndugu Balozi."

"Tetemeko si mwanakijiji. Mwanakijiji ni wewe."

"Lakini redio imesema miamba..." Faki akajaribu.

"Miamba tutaijadili kwenye kikao! Ng'ombe warudi!"

Mihayo akaweka kikombe chini.

"Basi niandikie kibali niwafuate."

Kamba akaandika hapo hapo, karatasi juu ya goti: Mihayo avuke mto, arudi na ng'ombe wote. Kwa hasira alizokuwa nazo, siku ya kurudi hakuitaja. Mihayo akaipokea kwa mikono miwili, akaondoka na kahawa hajaimaliza.

Kahawa ya pili haijapoa, huyo anapita tena. Kichwani kabeba mlango mzima wa nyumba, bawaba zinaning'inia. Nyuma yake mkewe Milembe, na jiwe la kusagia na kuku wawili.

"Wee Mihayo!" Kamba akaruka. "Ng'ombe wanafuatwa na mlango?"

"Ng'ombe wangu wabishi, Ndugu Balozi," Mihayo akajibu bila kusimama. "Kuwabembeleza kunaweza kuchukua miaka."