Saa Moja Zote Mbili

Jumatatu, 9 Machi 1998
Leo nimemmaliza Secilia, karani mwenzangu! Yeye bado anaandika wakimbizi waliopotezana na ndugu zao kwenye kaunta buku lililochakaa. Mimi nimeiandikia kompyuta ya ofisi programu: kila asubuhi na jioni inanakili orodha nzima kwenye disketi. Jina la faili ni tarehe na saa, ili nakala mpya isifute ya zamani. Bwana Desderius, mkuu wetu, ameniita fundi. Secilia akauliza, fundi baiskeli? Wivu tu.

Jumanne, 10 Machi
Aibu ndogo. Saa moja asubuhi, faili likajiita 07. Saba ya wapi? Mashine haijui Kiswahili! Nimeifundisha. Sasa saa moja ni 01, kama tulivyozaliwa tukaikuta.

Jumatano, 11 Machi
Mapema, kabla ya saa moja, barua! Keza, binti wa mama Nimpaye wa kambini, yuko kijijini Mugoma kwa familia ya wakulima. Miaka miwili mama wa watu anamtafuta! Nikaandika jina la mwenye nyumba kwenye kompyuta, programu ikanakili. Barua nikafungia karanga. Karatasi ni mambo ya akina Secilia. Mama Nimpaye alipopata habari alikaa chini palepale, akalia. Shikamoo yangu hakuisikia. Gari la ofisi litaenda kumchukua Keza kesho.

Jioni jenereta ikazimika orodha ikiwa wazi. Ikawaka: orodha tupu! Sikutishika. Saa moja ikagonga, programu ikanakili, nikafungua disketi. Faili la leo la 01 ni moja tu. Tupu! Saa moja ya jioni imefuta saa moja ya asubuhi. Nakala ya jana ipo, lakini jana Keza hakuwemo. Nikakimbilia karatasi ya karanga. Imeshatumika kuwashia jiko. Na jina la mwenye nyumba silikumbuki! Mugoma nzima, tutabisha nyumba ngapi? Nimelia chooni. Kweli nimelia.

Alhamisi, 12 Machi
Secilia alikuwa ameinakili barua kwenye kaunta buku lake jana asubuhi, kabla ya karanga. Kwa mzee Ndizeye, nyuma ya kanisa. Saa tisa gari likarudi. Keza aliposhuka, mama yake alimshika masikio, pua, vidole, kimoja kimoja. Kisha akanishukuru mimi! Asante sana, Anatori. Nilitaka ardhi inimeze. Secilia akafungua ukurasa mpya wa kaunta buku, akaendelea na kazi, na hilo ndilo limeniuma.

Ijumaa, 13 Machi
Nimetafakari usiku kucha. Kosa nimeliona: saa moja ina mkosi. Kuanzia leo programu itanakili saa mbili asubuhi na saa mbili jioni. Na kaunta buku nimemwambia Bwana Desderius halihitajiki tena.